Asilimia Nne ya Nani?

Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne Kenya, au cha sita Tanzania, swali la nafasi ya kuingia chuo lina jibu la hesabu. Matokeo yanatoka, pointi zinajumlishwa, kozi ya udaktari au uhandisi ina kiwango chake, na majina yanapangwa kutoka juu kwenda chini mpaka nafasi ziishe. Wengi wanaulalamikia mfumo huo, na wana haki, lakini una fadhila moja: mwenye pointi nyingi kwa kawaida hapitwi na mwenye pointi chache. Kijana huyohuyo akigeukia Harvard, Yale au MIT huenda na mazoea yaleyale. "Nina A, na kwenye mtihani wa SAT wa Marekani nimepata 1500. Nafasi yangu ikoje?" Anachosubiri ni kiwango cha kozi. Mtu wa kumpa hayupo, kwa sababu kiwango chenyewe hakipo, na badala yake anapewa namba nyingine kabisa: asilimia ya waliokubaliwa.

Namba hiyo tuiangalie vizuri. Kwa darasa la kuhitimu mwaka 2028, Harvard ilipokea maombi 54,008 ikakubali watu 1,937, yaani asilimia 3.6. Kwa darasa la 2024, lililoomba kabla ya korona kuufunga ulimwengu, maombi yalikuwa 40,248. Mwaka mmoja baadaye yakaruka hadi 57,435. Vijana wenye akili hawakuongezeka duniani ndani ya miezi kumi na miwili. Chuo kiliacha kudai alama za SAT kwa sababu ya janga, na watu ambao wasingethubutu kutuma wakatuma. Vitanda vya mabweni ni vilevile, kwa hiyo asilimia ikaporomoka kutoka karibu 5 hadi 3.4. Mwombaji ambaye tangu mwanzo alikuwa na faili zito hakupoteza theluthi ya nafasi yake mwaka ule, maana sehemu kubwa ya wimbi lile haikuwa inashindana naye. Asilimia ilibadilika kwa sababu idadi ya waombaji ilibadilika. Stanford iliacha kutangaza asilimia yake kila msimu tangu 2018, ikisema haitaki kuchochea mbio za asilimia ndogo, na kwa maoni yangu ilifanya vyema, ingawa takwimu bado zinapatikana kwenye ripoti zake za mwaka.

Asilimia 3.6, basi, ni wastani wa watu wasiofanana. Tunajua hivyo kwa undani usio wa kawaida kwa sababu ya kesi. Mwaka 2014 kikundi kiitwacho Students for Fair Admissions kiliishtaki Harvard kwa madai ya kuwabagua waombaji wenye asili ya Asia. Kesi ilisikilizwa Boston mwaka 2018, ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2023 majaji wengi wakapiga marufuku kutumia rangi ya mtu kama kigezo cha udahili. Hukumu ndiyo iliyojaa magazetini. Kwa anayetaka kupima nafasi yake, mali hasa ni makabrasha yaliyowekwa mbele ya mahakama: faili za miaka sita, zikionyesha nani aliingia na kwa njia gani.

Wanariadha waliokwisha kuteuliwa na makocha walikubaliwa zaidi ya wanane katika kila kumi. Watoto wa waliosoma Harvard, karibu theluthi moja. Wachumi waliozichambua takwimu hizo walikuta kwamba zaidi ya asilimia 40 ya Wazungu waliokubaliwa walikuwa wanariadha hao, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au watu waliowekwa kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambamo wafadhili wakubwa hawakosekani. Ukiwatoa hao, aliyebaki anagombea nafasi zilizo chache kuliko tangazo linavyosema. Mtego huohuo umo kwenye maombi ya mapema. Harvard ilikubali asilimia 8.7 ya walioomba mapema kwa darasa la 2028, na kijana akiiona namba hiyo anadhani tarehe 1 Novemba ina baraka kuliko tarehe 1 Januari. Lakini wanariadha na watoto wa wahitimu huomba mapema. Sehemu ya namba hiyo ni yao.

Faili la asiye na kocha wala mzazi mhitimu linasomwaje? Msomaji wa kwanza ni ofisa anayeshughulikia eneo fulani la dunia. Anatoa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 6: kwa taaluma, kwa shughuli za nje ya darasa, kwa michezo, kwa haiba ya mtu, kisha moja ya jumla. Faili linakwenda kwenye kamati ndogo, halafu mbele ya kamati kuu ya watu wapatao arobaini wanaopiga kura. Idadi ikizidi nafasi, wanarudi na kuwapunguza waliokwisha kukubaliwa kwa muda. Kuna watu waliokuwa ndani Jumatatu, na kufikia Ijumaa hawamo, wala hawatajua kamwe.

Kwenye alama ya taaluma ndipo mazoea yetu ya pointi yanapovunjika. Waliopewa 1 walikuwa chini ya mmoja katika kila mia, watu wenye kazi za kitaaluma zinazowashangaza hata maprofesa, na takriban theluthi mbili yao waliingia. Chini yao tu, kwenye 2, kulikuwa na takriban wanne katika kila waombaji kumi. Wote hao wana alama nzuri mno. Kwa darasa la 2019, kati ya Wamarekani wapatao 26,000 walioomba, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa masomo shuleni, na wapatao 3,400 walipata alama zote za hesabu kwenye SAT. Nafasi hazikufika 2,000, wageni wakiwemo. Kwa hiyo alama za juu zinakuingiza kwenye kundi la wanaosomwa kwa makini, na baada ya hapo hazikutofautishi na jirani yako. Mzazi anayemlipia mtoto wake mtihani wa tatu ili apande kutoka 1530 hadi 1560 ananunua kitu kidogo kwa bei kubwa.

Kinachotofautisha ni kile ambacho shule zetu hukitayarisha kwa uchache kuliko vyote. Barua ya mwalimu mkuu, kwa mfano. Nimezisoma za kutosha kuujua wimbo: mwanafunzi huyu ana nidhamu, ni mtiifu, anawaheshimu walimu, alikuwa kiranja wa bweni, nampendekeza bila kusita. Kila neno ni la kweli. Msomaji aliyeko Cambridge, Massachusetts, hana la kufanya nalo, kwa kuwa barua kumi za kabla yake zinasema hivyohivyo. Angeambiwa kwamba binti huyu alipoona maabara haina kemikali za kutosha alipanga upya zamu za majaribio, na walimu wakaufuata mpango wake hadi leo, angekuwa na la kuieleza kamati. Mpango wa KenSAP nchini Kenya, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi Mmarekani John Manners pamoja na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich, ulianzia hapohapo: kuwachukua vijana waliofanya vizuri kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kuwafundisha SAT, na kuhakikisha faili lao linaeleweka kwa mtu asiyeijua Rift Valley.

Kisha kuna pesa, na hapa mgeni anapimwa kwa mizani ya peke yake. Vyuo vichache, kati yao Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth, vinasema havitazami uwezo wa kulipa hata kwa mwombaji wa nje. Vingi vilivyobaki vinatazama. Chuo kizuri cha pembeni kinachotangaza asilimia 20 kinaweza kuwa na nafasi za kuhesabika kwa vidole kwa mgeni anayeomba ufadhili wote, na asilimia 20 hiyo haimhusu hata kidogo. Kinyume chake kipo pia. Mhitimu wa UWC East Africa, shule yenye kampasi Moshi na Arusha, anaweza kuomba akiwa na mchango wa mpango wa Davis, ambao unavilipa vyuo shiriki sehemu ya msaada wa wahitimu wa UWC. Alama zake zinaweza kuwa sawa na za mwenzake wa shule ya kata, lakini kwa chuo kinachohesabu senti, mmoja anagharimu pungufu.

Sasa tujaribu kukadiria. Chukua binti wa kubuni kutoka Kisumu: A ya KCSE, SAT 1480, nyumbani hakuna wa kulipa chochote. A yake ni adimu kweli. Mwaka 2024 walioipata walikuwa 1,693 kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000. Ila wanaoomba MIT kutoka Korea, Brazil na Nigeria nao wametoka kwenye ncha ileile ya nchi zao. Anzia basi na kundi lake, si na chuo kizima. Kwa Wamarekani MIT hukubali kama asilimia 5. Kwa wageni, kama 2. Hapo ndipo mahali pa kuanzia. SAT yake iko chini ya walizonazo wengi wanaokubaliwa MIT, jambo linalomshusha. Kama ana kazi ya pekee, iliyoonekana na kuthibitishwa na mtu mwingine, inampandisha. Mimi ningemwambia: kati ya asilimia moja na nne. Kumpa kumi kungekuwa kumbembeleza. Intanetini utakuta vikokotoo vinavyotoa jibu lenye desimali mbili. Usiviamini, maana haviujui mshahara wa babake wala havijaisoma barua ya mwalimu mkuu.

Kuna hesabu nyingine inayovutia kuliko zote, nayo inakwenda hivi. Ikiwa kila chuo kinanipa asilimia 5, nikiomba vyuo ishirini, uwezekano wa kukataliwa na vyote ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara ishirini, yaani kama 0.36. Basi nina asilimia 64 ya kuingia mahali! Hesabu haina kosa. Kosa liko kwenye dhana iliyo chini yake, kwamba uamuzi wa kila chuo hauhusiani na wa kingine. Vyuo ishirini vinasoma insha ileile ya maneno 650, barua zilezile, alama zilezile, na ombi lilelile la ufadhili. Kasoro iliyomchosha msomaji wa Yale inaweza kumchosha wa Princeton. Vyuo ishirini vinakupa nafasi zaidi ya kimoja, kwa sababu mahitaji na ladha za kamati hutofautiana, lakini nyongeza hiyo ni ndogo mno kuliko 64. Binti wetu atafaidika zaidi akiomba vitano vya aina hiyo na kuzitumia wiki zilizobaki kutafuta vyuo vyenye ufadhili wa wageni ambavyo majina yake shangazi zake hawajawahi kuyasikia. Nafasi aliyopangiwa na KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo Kenya, aiache hai. Harvard inafunga maombi tarehe 1 Januari, na matokeo ya KCSE hutoka mwishoni mwa Desemba au mapema Januari, kwa hiyo huenda akasubiri mwaka mzima akiwa na matokeo mkononi.

Akiingia MIT, watu watasema makadirio ya, tuseme, asilimia tatu yalikuwa upuuzi. Hayakuwa. Katika kila watu mia wenye asilimia tatu, watatu huingia, na hao ndio wanaopigwa picha. Wale tisini na saba hawaalikwi kuzungumza kwenye siku ya wazazi. Kwa sababu hiyo, kituo cha ushauri kinapobandika ukutani nyuso tano zilizokwenda vyuo vya Ivy League, ulizia waliopita hapo kwa jumla: wangapi waliomba mwaka ule, wangapi kati yao walihitaji ufadhili wote, na waliobaki wanasoma wapi. Mshauri anayeijua kazi yake ana majibu hayo kwenye daftari. Wengine watakuelekeza dirisha la kulipia.