Nani Anashika Makuta?

Wadogo zangu, sogeeni karibu. Leo nina habari ya mama mmoja wa hapa Moba, kusini mwa Kalemie. Tumwite Mama Ndagaa. Jina nimemtungia mimi, lakini kazi yake mnaiona ufukweni.

Ndagaa huvuliwa usiku kwa taa, maana hufuata mwanga. Usiku wa giza mitumbwi hurudi imejaa. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hulala nyumbani. Alfajiri Mama Ndagaa hununua kwa wavuvi, huanika mchangani akifukuza ndege na kuchungulia mawingu, kisha hufunga magunia na kuyapandisha kwenye boti la Kalemie. Siku za mwezi mpevu hakuna makuta, yaani pesa. Ndiyo maana yumo katika likelemba: akina mama wanachanga, na kila mara mmoja anabeba fungu lote.

Zamu yake ilipofika, alilipa ada ya shule ya watoto. Baba, ambaye zamani aliuza mbuzi bila kumwambia mtu, safari hii akauliza: "Mama, unaonaje, tumuuze mbuzi huyu?"

Msidhani ni hivyo kila nyumba. Kuna baba ambaye mkewe akianza kupata, yeye huacha kununua hata chumvi: "Si una makuta?" Mama anachoka mara mbili, na neno lake liko palepale. Na kuna mama anayelima mihogo msimu mzima, mume akauza na kutia pesa mfukoni. Jasho la mama, mashauri ya baba! Kwa hiyo mkitaka kujua nani ana neno nyumbani, ulizeni nani aliuza, na pesa ilibaki kwa nani.

Batabwa wa huku huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mgeni akisikia hivyo hudhani mama ndiye mwamuzi. Thubutu! Mwamuzi alikuwa mjomba.

Sheria nayo ilimbana mama. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kuingia mkataba wa kumfunga. Yaani Mama Ndagaa abebe magunia apendavyo, lakini akitaka mkopo, kwanza akamwombe baba. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, ruhusa hiyo ikafutwa. Sasa mume na mke wanatakiwa wakubaliane. Mume bado ameandikwa kuwa mkuu wa nyumba, ila mke naye ametajwa kuwa na neno lake katika mambo ya nyumba yao. Vijiji vingi havijapata habari hizo.

Basi ninyi mnaojua kusoma, wasomeeni mama zenu. Na siku ya likelemba, kaeni nao mwandike daftari: nani ametoa, nani amepokea, kiasi gani. Wavulana pia, msijifiche.