Kromosomu za Vanila na Mzani wa Mkulima

Vanila inayoonyeshwa wageni katika mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi, Zanzibar, ni okidi iliyotoka Mexico na Amerika ya Kati, Vanilla planifolia. Ndani ya ua lake mna kiwambo chembamba kinachoizuia chavua isifike mahali pa kupokelewa, na huku Bahari ya Hindi hakuna mdudu wa kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, alionyesha jinsi ya kukiinua kiwambo kwa kijiti na kuibana chavua kwa kidole gumba. Hadi leo, kila ua huchavushwa hivyo, asubuhi ileile linapochanua.

Mkulima hapandi mbegu. Hukata kipande cha mtambaa na kukichomeka chini ya mti. Ndiyo maana vanila ya visiwa vyetu vyote ni ukoo wa vipandikizi vichache sana, na ungetarajia kila mmea ufanane na mwenzake.

Haufanani. Kwa kawaida vanila ina kromosomu 32, yaani seti mbili. Mara chache mbegu iliyodondoka huota, na ikiwa imetokana na chavua au yai lisilopunguza kromosomu zake kwa nusu, mche hupata seti tatu au nne. Watafiti waliipima vanila ya Réunion wakakuta aina zote mbili. Ile ya seti tatu huitwa huko “tasa”: seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na mayai, basi maua yake yaliyochavushwa yenyewe kwa yenyewe hayashiki tunda. Mwenye shamba humlaumu mchavushaji, kumbe kosa limo ndani ya seli. Kipandikizi cha mmea huo huurithisha utasa wake wote.

La ajabu zaidi liko katika seli za mmea mmoja. Seli nyingi za mimea hunakili DNA yake yote bila kugawanyika. Seli za vanila hunakili sehemu tu, chini ya theluthi ya jenomu, na kuiacha iliyobaki. Tabia hii imeonekana kwa okidi, na ndiyo iliyofanya jenomu ya vanila iwe ngumu kusomwa: kipande cha jani hakitoi hesabu ya mmea mzima.

Haya yanamhusu mkulima moja kwa moja. Ukoo wa vipandikizi vichache huanguka pamoja, na kuvu wa Fusarium anayeozesha mizizi hahitaji zaidi ya hapo. Nje ya ukoo huo yuko ndugu wa porini, Vanilla roscheri, asiye na majani; angali anakua kwenye vichaka vya pwani kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na vichaka hivyo hukatwa kwa kuni na viwanja. Kwa mimea ya shambani, kipimo cha kwanza cha idadi ya seti ni chepesi: seti zikiongezeka, vitundu vya kupumulia vya jani huwa vikubwa zaidi, na darubini ya kawaida inatosha kuviona kabla kipandikizi hakijakatwa.