Unajenga mashine ya gemu? Anza na skrini, mbao baadaye

Umekesha ukitazama video za watu wanaojitengenezea mashine za gemu. Umepata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, joistiki na vitufe vya rangi viko njiani, na fundi wa mbao mtaani amekuambia kabati ni kazi ya siku mbili. Umebakisha skrini tu. Hapo kwenye "tu" ndipo pesa hupotelea.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo binamu yangu alipopoteza zake. Alifanya mjengo miezi mitatu akiweka akiba. Alitaka mashine moja ya kusimama, kama zile za miaka ya themanini, aiweke kwenye kibanda cha chipsi cha mamake, wateja wakingoja chipsi ziive wacheze kwa shilingi kumi. Mimi ndiye niliyemshauri anunue runinga ya inchi 32. Niliiona katika duka moja la mitumba, Sh7,000, nikamwambia kubwa ni kubwa. Tukampa fundi vipimo, akakata tundu, tukaifunga.

Tukawasha Pac-Man. Picha ikasimama katikati kama mlango mwembamba, na huku na huku weusi mtupu. Binamu hakusema kitu. Aliniangalia tu.

Hiki ndicho nilichopaswa kujua. Gemu za mashine hizo zilitengenezewa skrini za uwiano wa 4:3, yaani upana wa nne kwa kimo cha tatu. Space Invaders ya 1978, Pac-Man ya 1980 na Donkey Kong ya 1981 zilikwenda mbali zaidi: skrini yenyewe ililazwa ubavu, ikawa ndefu kwenda juu. Runinga za siku hizi ni 16:9, pana kama basi. Inchi 32 ni upana wa sentimita 71 hivi kwa kimo cha 40. Pac-Man inajaza kimo chote, lakini kwa upana inatumia sentimita 30 pekee. Zaidi ya nusu ya kioo ulicholipia inakaa bure.

Sasa chukua ile skrini ya kompyuta ya inchi 19, ya mraba mraba, ambayo saiba na ofisi nyingi zilishaitupa. Hiyo ni 5:4, pikseli 1280 kwa 1024. Ilaze ubavu. Pac-Man inatoka na upana wa sentimita 28 na kimo cha karibu 38. Umeona? Ni karibu sawa na ile ya runinga ya inchi 32, ila kabati lako linapungua upana zaidi ya nusu. Kwenye kibanda cha chipsi, hiyo nafasi ni ya meza nzima. Mimi nilipopiga hesabu hii kwa kalamu, tayari tulikuwa tumeshalipa fundi.

Kwa hivyo kabla hujauliza bei, amua gemu. Ukitaka za kupigana, kama Street Fighter II ya 1991, hizo zimelala kwa upana na watu wawili wanasimama bega kwa bega. Hapo skrini pana ya inchi 24 si mbaya: ukiacha weusi wa pembeni, picha ya 4:3 inabaki sentimita 40 kwa 30, kubwa kidogo kuliko ya ile inchi 19. Nayo runinga yetu ingefaa zaidi huko. Lakini ukikutana na skrini ya inchi 20 yenye pikseli 1600 kwa 1200, Dell 2007FP kwa mfano, usiiache. Hiyo ni 4:3 kamili, na gemu yenye mistari 240 inaingia mara tano sawasawa, bila kuvurugika.

Runinga ilikuwa na shida mbili zaidi. Ya kwanza ni kuchelewa. Gemu hizi hubadilisha picha karibu mara 60 kwa sekunde, na runinga nyingi huipitisha kila picha kwenye mapambo yake ya rangi kabla ya kukuonyesha. Unavuta joistiki, Pac-Man anakata kona akiwa ameshaliwa. Baadhi zina hali ya gemu kwenye menyu ya kuzima hayo mapambo. Yetu haikuwa nayo. Skrini za kompyuta kwa kawaida hazina mbwembwe hizo.

Ya pili ndiyo iliyotumaliza. Stima ilipopotea na kurudi, runinga haikuwaka. Ilikaa na taa yake nyekundu ikisubiri rimoti, na rimoti mamake binamu hakujua iko wapi. Wateja wakala chipsi zao wakaenda.

Basi ukifika Luthuli au popote unaponunulia, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Iwashwe mbele yako. Kisha ichomoe ukutani ikiwa inafanya kazi, hesabu hadi kumi, chomeka tena. Ikirudi yenyewe, mnaendelea kuongea bei. Isiporudi, mshukuru muuzaji uende kwingine, hata kama ni ya kutupwa.

Fungua picha nyeupe tupu kwenye simu au laptopu, iunganishe, uache dakika kumi. Skrini za zamani zina taa ndogo za mirija nyuma ya kioo. Zikichoka, weupe unakuwa wa manjano au kona moja inafifia. Ukipanga kuilaza ubavu, ilaze hapo hapo dukani uitazame kutoka kushoto na kulia. Zile za bei ya chini, za aina ya TN, hugeuka rangi ukizitazama kutoka chini, na ukizilaza, huo ubaya unahamia upande mmoja. Za IPS hazina shida hiyo. Nyuma tafuta matundu manne ya skrubu yaliyoachana sentimita kumi. Bila hayo utaishia kuifunga kwa waya. Na angalia soketi. Ikiwa na DVI, kebo rahisi ya kutoka HDMI inatosha. Ikiwa na VGA pekee, ongeza bei ya adapta yenye saketi ndani, kwa sababu kebo tupu haitafanya kazi.

Runinga tuliiuza Sh4,000. Skrini ya inchi 19 tukaipata kwa Sh3,000, na fundi akatukatia kabati jingine, safari hii akiwa na skrini yenyewe mezani. Binamu bado hajarudisha pesa zake zote, na deni la Sh3,000 la ile runinga tumekubaliana ni langu. Juzi stima ilipotea saa mbili usiku, watu wakiwa kwenye foleni. Iliporudi, Pac-Man aliwaka kabla ya taa ya kibanda.