Detroit Lions walipoteza mechi zote 16: kwa nini hawakushuka daraja?

Wengi wetu tumezoea kwamba timu ikimaliza mkiani inashuka daraja. Kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, mambo ni tofauti.

Mwaka 2008, Detroit Lions walicheza mechi 16 za ligi kuu, NFL, wakapoteza zote. Hakuna timu iliyowahi kupoteza mechi 16 za msimu kabla yao. Mashabiki waliumia mara mbili, maana kampuni za magari zinazoubeba mji huo nazo zilikuwa zikiomba mkopo wa serikali. Kocha Rod Marinelli alitimuliwa.

Hata hivyo Lions walibaki, kwa sababu NFL haina daraja la kushukia. Tena timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hupewa nafasi ya kwanza kuchagua mchezaji chipukizi kutoka vyuo vikuu, ili ligi isitawaliwe na wachache. Aprili 2009, Lions walimchagua Matthew Stafford, mrushaji mpira.

Je, ilisaidia? Polepole. Msimu wa 2009 walishinda mechi 2 tu. Mwaka 2011 walishinda 10, wakafuzu hatua ya mtoano.