Polisi na Ukaazi Chini ya Paa Moja

Atakayetafuta mtaa wa mabanda Muscat hataupata. Masikini wa jiji hili wanakaa kwenye maghorofa yaliyochakaa ya Ruwi, Hamriya na Wadi Kabir, wakichangia vyumba, na wengi wao ni wageni. Risasi huko ni nadra mno. Ndiyo maana shambulio la Julai 2024 kwenye msikiti wa Imam Ali, Wadi Kabir, liliwashtua watu. Waliuawa Wapakistani wanne, Mhindi mmoja na askari polisi. Washambuliaji watatu, waliouawa pia, walikuwa ndugu wa tumbo moja, tena raia wa Oman. Wale wageni ambao watu huwashuku kwanza ndio walioumia zaidi.

Ukatili wa kila siku hauna mlio. Uko ndani ya nyumba za watu, na huwapata zaidi wasichana wa kazi, wakiwemo wa kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Human Rights Watch iliandika habari zao mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikatoa ripoti iliyotokana na mahojiano na Watanzania 50 waliofanya kazi Oman na Emirates. Wapo waliokimbilia polisi, wakarudishwa kwa tajiri yule yule.

Kwa nini? Tanzania na Kenya, Uhamiaji ni idara tofauti na polisi. Oman, Polisi ya Kifalme ndiyo inayotoa viza na vibali vya ukaazi, na taarifa ya kafili (mwajiri aliyemdhamini) kwamba mfanyakazi ametoroka huweza kuifikia pia. Aliyepigwa akifika kituoni, jina lake huenda limeshatangulia. Alikwenda kushtaki, anakuta yeye ndiye mshtakiwa. Basi ananyamaza, na takwimu za uhalifu zinabaki nzuri. Sheria ya Kazi ya 2023 nayo haikuwaingiza wafanyakazi wa majumbani.

Wengi hudhani shida ni lugha. Sivyo kila mara: tangu 1970 Waomani waliorudi kutoka Zanzibar wameingia ofisi za serikali, na Kiswahili Muscat si kigeni. Askari anaweza kumwelewa mfanyakazi vizuri kabisa na bado utaratibu ukamrudisha.

Kwa maoni yangu, dawa ya kwanza ni agizo dogo: dai la kupigwa lichunguzwe kabla ya taarifa ya kutoroka. Kwa sasa, mwenye jeraha aombe cheti cha daktari, kisha aende kituoni akiwa na mtu wa ubalozi wake, kama upo.