Saratani ya Matiti Katika Migori na Homa Bay: Hatari, Utambuzi wa Mapema na Kinga

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii imezoeleka mno katika insha za wanafunzi hata imekaribia kupoteza makali yake. Hata hivyo, katika kaunti za Migori na Homa Bay, zilizo kusini mwa eneo la Nyanza nchini Kenya, maana yake ni ya moja kwa moja. Mwanamke huweza kugundua kidonge kigumu ndani ya titi lake na akakaa nacho miezi mingi bila kumwambia mtu. Kidonge hicho hakimuumi. Hakimzuii kwenda shambani, kuanika omena wala kufungua kibanda chake sokoni. Anapofika hospitalini, ngozi imekwisha kuchimbika, kwapa limevimba, na ugonjwa ambao ungalitibika umegeuka kuwa wa kutulizwa tu.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2022, saratani ya matiti ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wagonjwa wapya nchini Kenya, wagonjwa zaidi ya 7,000 kwa mwaka, ikifuatwa na saratani ya mlango wa kizazi. Duniani kote, wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka huo, na takriban 670,000 wakafariki. Makala haya yanafafanua saratani ya matiti ni nini, ni nani aliye katika hatari, dalili zake hutambuliwaje mapema, na kinga yake imefikia wapi. Aidha, yanaonyesha nafasi ya lugha katika vita hivi, kwa kuwa ugonjwa usiotajwa ni vigumu kutibiwa.

Jina na maana yake

Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa majini mwenye magando. Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huu karkinos, yaani kaa, na Warumi wakauita cancer kwa maana iyo hiyo. Kutokana na neno hilo la Kilatini, kupitia Kiingereza, ndipo Kiswahili kilipopata neno kansa. Basi saratani na kansa ni majina mawili ya mnyama mmoja. Inasemekana kwamba waganga wa kale walivutiwa na jinsi mishipa iliyovimba ilivyouzunguka uvimbe mithili ya miguu ya kaa.

Taswira hiyo yasaidia kuuelewa ugonjwa wenyewe. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, ambazo huzaliwa, hufanya kazi, na hufa kwa utaratibu. Seli moja ikiharibika katika jeni zake, huweza kukataa kufa na kuendelea kugawanyika bila mpaka. Katika titi, jambo hili huanzia mara nyingi ndani ya vijia vya kupitishia maziwa au vifuko vinavyoyatengeneza. Mwanzoni, seli hizo hubaki mahali pamoja. Baadaye hupenya nyama iliyo jirani, zikafika kwenye tezi za kwapani, kisha zikasafiri hadi mifupani, mapafuni, kwenye ini au ubongoni. Uvimbe uliobaki ndani ya titi huweza kuondolewa wote. Uliokwisha kusambaa huweza kudhibitiwa kwa muda, lakini ni nadra kuung'oa kabisa. Tofauti kati ya hali hizo mbili, aghalabu, ni wakati.

Nani yumo hatarini?

Hatari kubwa kabisa ni kuwa mwanamke na kuongezeka umri. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu nyingine ya hatari inayojulikana ila hizo mbili. Wanaume nao huugua, ingawa ni asilimia 1 hivi au pungufu ya wagonjwa wote. Kwa hiyo, mwanamume mwenye uvimbe nyuma ya chuchu naye hana budi kupimwa.

Pili, kuna urithi. Jeni mbili zilizotambuliwa katika miaka ya 1990, BRCA1 na BRCA2, zikiwa na kasoro huongeza hatari kwa kiasi kikubwa. Mwanamke ambaye mama, dada au binti yake aliugua, hasa katika umri mdogo, anapaswa kumweleza mhudumu wa afya mapema. Hata hivyo, wengi wa wanaougua hawana jamaa yeyote aliyeugua kabla yao. Kauli kwamba "ugonjwa huu haumo katika ukoo wetu" si ngao.

Tatu, kuna mambo yanayohusu homoni na mwenendo wa maisha: kuanza hedhi mapema na kuikoma kwa kuchelewa, kutozaa au kuzaa mtoto wa kwanza baada ya miaka 30, unene wa kupindukia baada ya hedhi kukoma, kutofanya mazoezi, na unywaji wa pombe. Pombe haibagui chupa: iwe bia, mvinyo, busaa au chang'aa, kadiri inavyonywewa zaidi ndivyo hatari inavyopanda.

Fauka ya hayo, katika Afrika Mashariki wagonjwa wengi huwa na umri wa chini ya miaka 50. Sababu moja kubwa ni kwamba idadi ya watu wetu ni ya vijana. Vilevile, aina ya saratani isiyo na vipokezi vya homoni, ambayo hukua upesi na haisikii vidonge vya homoni kama tamoksifeni, huonekana kwa kiwango kikubwa zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika. Mwanamke wa miaka 35 hana haki ya kuambiwa kwamba angali mdogo mno kuugua.

Inafaa pia kutaja yasiyokuwa sababu. Hakuna ushahidi kwamba kuweka sarafu au noti ndani ya sidiria, kama wafanyavyo wauzaji wengi sokoni, huleta saratani. Ugonjwa hauambukizwi kwa kunyonyesha wala kwa kulala na mgonjwa. Wala si chira, ile adhabu ambayo katika imani ya Wajaluo humfuata aliyevunja mwiko. Mgonjwa anayedhaniwa kuwa na chira hupelekwa kutakaswa kwanza, na miezi inayopotea humo hairudi.

Utambuzi wa mapema

Dalili za kuangaliwa ni hizi: uvimbe mpya ndani ya titi au kwapani, hata kama hauumi, titi moja kubadilika umbo au ukubwa, ngozi kubonyea au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyochomoza kuingia ndani, kidonda au magamba kwenye chuchu yasiyopona, na majimaji, hasa yenye damu, yanayotoka pasipo kunyonyesha. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini hakuna mwanamke, wala jirani yake, awezaye kujua kwa kupapasa tu.

Je, kujipima nyumbani kunafaa? Utafiti mkubwa uliofanywa Shanghai, China, miongoni mwa wafanyakazi wanawake wapatao 266,000 wa viwanda vya nguo, na kutolewa matokeo ya mwisho mwaka 2002, ulionyesha kwamba kufundishwa kujipima hakukupunguza vifo. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba mwanamke asiujue mwili wake. Yanamaanisha kwamba kujipapasa peke yake hakutoshi, na kwamba kutopapasa chochote leo si hati ya usalama. Kinachohimizwa siku hizi ni kuyajua matiti yalivyo kwa kawaida, hasa siku chache baada ya hedhi kwisha yanapokuwa laini, ili badiliko lolote litambulike na kupelekwa kituoni bila kukawia.

Hatua ya pili ni kupimwa kwa mikono na mhudumu aliyefunzwa. Huko Mumbai, India, utafiti wa miaka 20 uliowahusu wanawake zaidi ya 150,000 na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba upimaji wa aina hii, uliofanywa na wahudumu wanawake waliopewa mafunzo mafupi, ulisaidia kugundua ugonjwa ukiwa katika hatua za awali, na vifo vikapungua kwa wanawake wenye miaka 50 na zaidi. Kwa mahali ambapo mashine ni chache, hilo ni jambo la kutia moyo.

Hatua ya tatu ni mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, ambayo miongozo ya Kenya ya mwaka 2018 inapendekeza kuanzia umri wa miaka 40. Kwa walio na umri mdogo, ambao nyama ya matiti yao ni nzito, picha ya mawimbi ya sauti hufaa zaidi. Hatimaye hukatwa kipande kidogo cha uvimbe na kuchunguzwa katika maabara. Wako wanaoamini kwamba kisu kikigusa saratani huifanya isambae. Hofu hiyo haina msingi, nayo imewafanya wengi waitoroke meza ya daktari. Pasipo kipimo hicho haijulikani kama uvimbe ni saratani, wala ni ya aina gani, wala dawa ipi itaufaa.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati wenye malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na angalau asilimia 80 wakamilishe matibabu. Lengo la pili ndilo gumu kwa mkaazi wa Nyatike, Kuria au kisiwa cha Mfangano. Kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma ya pekee nchini yenye mashine ya tiba ya mionzi. Kutoka mjini Migori, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Nauli, malazi na siku za kutofanya kazi hugeuka kuwa sehemu ya ugonjwa.

Kinga

Hakuna chanjo ya saratani ya matiti, na hakuna mwenendo unaomhakikishia mtu kwamba hataugua. Kilichopo ni kupunguza uwezekano. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa kiasi cha asilimia 4.3, mbali na upungufu unaotokana na kila uzazi. Mila ya kunyonyesha kwa muda mrefu, basi, ni hazina isiyofaa kutupwa. Kuepuka pombe, kudhibiti uzito, na kuushughulisha mwili ni mambo mengine yaliyo ndani ya uwezo wa mtu. Aliye na historia ya ugonjwa katika ukoo apate ushauri wa daktari kuhusu uchunguzi wa mapema zaidi.

Kinga ya jamii nayo hujengwa kwa kuisogeza huduma karibu. Migori yenyewe imetoa funzo. Katika utafiti kuhusu saratani ya mlango wa kizazi uliofanyika huko mwaka 2016 katika jamii 12, wanawake walijichukulia sampuli wenyewe. Mahali ambapo kambi ziliwekwa karibu na wananchi, takriban asilimia 60 ya walengwa walifikiwa. Mahali walipotakiwa kwenda vituoni, ni takriban asilimia 37 tu. Titi halipimwi kwa sampuli ya kujichukulia, lakini funzo ni lile lile: umbali hupunguza watu. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao serikali iliwapa vifaa kote nchini mwaka 2023, wanaweza kuwa daraja hilo, mradi wafunzwe kutambua dalili na wajue pa kumpeleka mgonjwa.

Lugha, haya na ukimya

Katika Kiswahili, matiti ni neno ambalo wengi husita kulitamka mbele ya wakwe, wazee au watu wa jinsia nyingine. Badala yake hutumiwa tasfida kama vile kifua. Tasfida hulinda heshima, lakini katika chumba cha daktari huweza kupoteza njia. Mwanamke anayesema kwamba anaumwa na kifua aweza kupewa dawa ya kikohozi, kwa kuwa kifua ni jina la ugonjwa wa mapafu pia. Lugha ya afya, kwa hiyo, haina budi kuwa ya adabu na ya wazi kwa pamoja. Mabango na vipindi vya redio vinavyosema "jichunguze" bila kutaja titi, chuchu na kwapa havijasema lolote.

Homa Bay inaijua gharama ya ukimya. Ukimwi ulipoingia, wengine waliuita chira, na Wajaluo wakaupa jina ayaki, lenye dhana ya kuvamia na kupora. Mnamo mwaka 2001, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa za kudhibiti virusi bila malipo katika hospitali ya umma ya Homa Bay. Waliodhaniwa kuwa wa kufa wakasimama, wakarudi sokoni, nao wakawa mashahidi wa kuwashawishi wengine wakapimwe. Kilichoushinda woga ni mchanganyiko wa mambo matatu: ugonjwa kutajwa kwa jina lake, tiba kupatikana karibu, na waliopona nguvu kuonekana.

Hitimisho

Saratani ya matiti haijawa na mashahidi wa kutosha katika vijiji vya Migori na Homa Bay. Wanaoonekana ni waliochelewa, nao huthibitisha imani kwamba ugonjwa huu ni kifo. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huishi angalau miaka mitano baada ya kugunduliwa. Nchini Afrika Kusini ni kiasi cha asilimia 40. Ugonjwa ni ule ule. Kinachotofautiana ni siku ya kufika hospitalini na kinachomngoja mgonjwa akishafika.

Serikali za kaunti zina wajibu wa kuhakikisha kwamba anayefika na uvimbe anapata picha, kipimo cha maabara na tiba bila kuzungushwa. Mume na jamaa wana wajibu wa kutomwacha mgonjwa aamue peke yake kati ya titi na uhai. Nao wanafunzi wa Kiswahili, ambao likizo huwarudisha makwao Rongo, Oyugis, Kehancha na Mbita, wana wajibu ulio mwepesi kuliko yote lakini usiofanywa na mwingine: kumweleza mama, shangazi na dada, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba kidonge kisichouma ndicho cha kukimbiliwa hospitalini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ukishabomoka, haujengeki tena.