Mshauri wa Masomo na Mhandisi wa Kesho Nchini Kenya

Mazungumzo yetu ya leo yanavuka mpaka hadi kwa jirani zetu wa Kenya, kulitazama jambo la vyuoni ambalo askari aliyepitia depo atalielewa upesi.

Mafunzo ya uhandisi mjini Nairobi yalianza mwaka 1956, katika chuo kilichoitwa wakati huo Royal Technical College. Siku za Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kati ya 1963 na 1970, huko ndiko vijana wa Tanzania na Uganda walikopelekwa kusomea fani hiyo. Makerere ilifungua kitivo chake cha teknolojia mwaka 1970, nasi Dar es Salaam tukafungua cha uhandisi mwaka 1973. Kwa hiyo ya Nairobi si ya kigeni kwetu.

Shahada hiyo huchukua miaka mitano, na miaka ya mwanzo hutawaliwa na hesabu na fizikia. Kijana aliyekuja na hamu ya kujenga madaraja hupita mihula kadhaa bila kuliona daraja. Hamu hufifia. Kwanza huketi nyuma, kisha hunakili zoezi la mwenzake, mwishowe haonekani. Mhadhiri aliyekabiliwa na ukumbi uliojaa hana habari, hata mtihani utakapomfichua, na wakati huo umekwisha kupita.

Kuruta anayechechemea huonwa na koplo wake asubuhi ile ile kwenye gwaride. Hangojwi hadi siku ya kufunga mafunzo. Mshauri wa masomo yapasa awe koplo wa namna hiyo. Lakini mara nyingi kazi yake huishia katika kutia sahihi fomu za usajili, tena yeye mwenyewe ni mhadhiri aliyeongezewa mzigo pasipo kupunguziwa vipindi. Hapo lawama si yake peke yake.

Yafaa mhadhiri ampelekee mshauri majina ya watoro mapema, tangu wiki ya tatu au ya nne. Mshauri naye aingie maabara, aone nani anashika vyombo na nani ameachiwa kuandika ripoti tu; asaidie kuvipanga vikundi upya. Amwonyeshe kijana kwamba hesabu inayomchosha leo ndiyo atakayopimia uzito wa boriti mwaka wa nne.

Liko na la cheti. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi si chini ya miaka mitatu kabla ya kuwa mhandisi kamili. Wapo waliomaliza masomo wakanyimwa usajili kwa kuwa kozi zao hazikutambuliwa, na mashauri yakafika mahakamani. Habari hiyo walistahili kuipata kwa mshauri wao katika mwaka wa kwanza, wakati wa kubadili kozi ungalipo.